Damu ileile, ukivuka mpaka unakuwa mtu mwingine: uchotara unavyohesabiwa nchi kwa nchi

Kinyonga Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la Obama halifi humu. Kila baada ya muda anaibuka mtu: mama mzungu wa Kansas, baba Mluo, sasa kwa nini aitwe rais wa kwanza mweusi na si chotara, au hata mzungu? Uzi unafika ukurasa wa tatu, watu wameshaanza kutukanana, mods wanafunga. Leo naomba tuligeuze swali lenyewe, maana naona limekaa upande.

Marekani mtu huyu ni mweusi. Brazil wangemtazama usoni wakamwandika pardo, yaani wa kahawia au mchanganyiko, na asingetokea wa kubisha. Afrika Kusini ya makaburu angepewa kitambulisho cha Coloured, na kitambulisho hicho ndicho kingemwambia akae wapi, asome wapi na amuoe nani. Ufaransa serikali isingekuwa hata na kisanduku cha kumwandikia. Wajaluo nao walishamaliza kesi siku nyingi: baba Mluo, mtoto Mluo.

Hakuna aliyekosea hesabu. Kila nchi inajibu swali lake, na swali hilo kuna mtu alilitunga kwa sababu zake. Ukitaka kujua sababu hizo, usianzie kwenye damu, anzia kwenye mali: nani anarithi, nani anatumikishwa bure, nani anapiga kura.

Chukua Virginia, koloni la Waingereza. Sheria waliyotoka nayo kwao ilikuwa mtoto anafuata hadhi ya baba. Akatokea binti anaitwa Elizabeth Key, mama Mwafrika mtumwa, baba Mwingereza mwenye shamba na mjumbe wa baraza la kutunga sheria. Akaenda mahakamani kudai uhuru kwa hoja hiyohiyo, kwamba baba yake ni mtu huru na Mwingereza, na mwaka 1656 akashinda. Wenye mashamba wakaona hatari iliyoko mbele. Mwaka 1662 sheria ikapinduliwa: mtoto atafuata hadhi ya mama. Yaani bwana anayelala na mtumwa wake hapati mrithi, anapata mtumwa mwingine bila kumnunua.

Matokeo yake yalifika pa ajabu. Sally Hemings, mtumwa wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, babu na bibi zake watatu kati ya wanne walikuwa wa asili ya Ulaya. Watoto aliozaa na Jefferson walikuwa na sehemu saba kati ya nane za Ulaya, na kwa sheria ya Virginia ya wakati huo mtu wa namna hiyo hakuwa mweusi tena. Kwa hiyo kwa rangi walikuwa wazungu wa kisheria, na kwa hadhi walikuwa watumwa wa baba yao. Walipokuja kuwa huru wakatawanyika. Madison Hemings alibaki akiishi kama mweusi. Mdogo wake Eston akahamia Wisconsin mwaka 1852, akachukua jina la Jefferson, familia ikahesabiwa nyeupe, na mwanawe akawa kanali wa kikosi cha wazungu kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baba mmoja, mama mmoja, rangi mbili.

Ile kanuni ya "tone moja" ambayo watu wanadhani ni ya tangu utumwa, kwenye vitabu vya sheria ilikuja kukazwa baadaye sana, wakati utumwa umeshakufa na kilichobaki kulindwa ni kura, shule na mirathi. Virginia wakaipitisha mwaka 1924: ukiwa na chembe yoyote ya damu isiyo nyeupe, wewe si mzungu. Ila kulikuwa na tatizo dogo. Familia kubwakubwa za Virginia zilikuwa zinajivunia kuwa wajukuu wa Pocahontas, binti wa chifu wa Wahindi Wekundu. Kwa sheria hiyo wakubwa wenyewe wangevuliwa uzungu. Basi ukachomekwa msamaha: anayeishia moja ya kumi na sita ya damu ya Wahindi Wekundu, na hana nyingine, ataendelea kuwa mzungu. Sheria hiyo, iliyokataza pia mzungu kuoana na asiye mzungu, ndiyo iliyowakamata Richard na Mildred Loving mwaka 1958 kwa kosa la kuoana, na ikaangushwa na Mahakama Kuu ya Marekani tarehe 12 Juni 1967.

Karibuni. Naomba tujadili nchi, tusijadili nani mzuri kwa sura.

Bisibisi

Siti ya mbele, nimekaa.

Nahodha wa Nchi Kavu

Mkuu umeshusha kitu. Ila Brazil umeipita kama basi la usiku. "Wangemtazama usoni, asingetokea wa kubisha" si kweli tena, na hapo ndipo penye utamu.

Brazil sensa ina makundi matano ya rangi: branca (weupe), preta (weusi), parda (wa kahawia au mchanganyiko), amarela (wenye asili ya Asia Mashariki) na indígena (wenyeji wa asili). Unajitaja mwenyewe. Mwaka 2022 pardo ndio walioongoza, 45.3%, wakawapita weupe waliobaki na 43.5%. Weusi wanaojiita preto ni 10.2%. Kumbe nchi yenye waliotoka Afrika wengi kuliko zote nje ya bara letu, wanaojiandika weusi ni mmoja kati ya kumi. Na mwaka 1976 walipowaacha watu wajitaje rangi kwa maneno yao, yalirudi maneno zaidi ya 130.

Kule asili ya bibi yako si hoja. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuandikwa rangi tatu na hakuna anayeona ajabu. Mwonekano, nywele, na tusidanganyane, mfuko pia unahesabiwa.

Sasa ikaja serikali na nafasi maalumu za vyuo. Sheria ya mwaka 2012 ikaweka mgawo kwenye vyuo vikuu vya shirikisho, na ndani yake nafasi za preto, pardo na wenyeji wa asili. Ghafla kujitaja kukawa na faida. Wakajitokeza watu weupe kama karatasi wanajiandika pardo kwa sababu bibi mzaa bibi alikuwa hivi na vile. Vyuo vikaanzisha kamati za kukagua. Unaingia chumbani, wanakutazama ngozi, pua, midomo, nywele, wanaamua. Picha ya bibi yako haiwasaidii, maana swali lao ni je, polisi barabarani akikuona anaona nini?

Kabla hata ya sheria hiyo, mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Brasília kilipokea picha za mapacha waliofanana, wa yai moja. Mmoja akakubaliwa kuwa mweusi, mwingine akakataliwa. Wakakata rufaa, naye akakubaliwa. Hapo utaniambia swali lilikuwa la mali au la taa ya mpiga picha?

Kinyonga Mkavu

😂 Kula tano, nahodha. Ila nafasi ya chuo nayo ni mali, mzee. Umenisaidia hoja huku unanipinga.

Mkaguzi Mstaafu

Mimi nitakuwa mchungu kidogo. Mleta uzi unataka kila kitu kiingie kwenye mfuko mmoja wa mali. Ubaguzi ni chuki, basi. Mzungu maskini wa kusini mwa Marekani hakuwa na mtumwa hata mmoja, na bado alikuwa wa kwanza kushika kamba ya kumnyongea mweusi. Mali gani aliyokuwa analinda? Msitafute hesabu pale ambapo watu waliwachukia tu watu wenzao.

Kinyonga Mkavu

Mzee wangu, chuki siikatai. Ninachosema ni kwamba chuki peke yake haikuambii mpaka uchorwe wapi. Angalia mfano huu halafu unijibu.

Marekani hiyohiyo ilikuwa na kanuni mbili zinazopingana kabisa. Kwa mtu mweusi, tone moja linatosha kukufanya mweusi. Kwa Mhindi Mwekundu kinyume chake: damu ikipungua, unatolewa kwenye hesabu. Sheria ya mwaka 1934 kwa mtu asiye wa kabila linalotambuliwa na asiyekaa kwenye ardhi yao ilitaka awe na nusu ya damu au zaidi. Makabila mengi hadi leo yana kiwango, mengine robo. Kwa nini weusi waongezeke kwa tone na Wahindi Wekundu wapungue kwa tone? Chuki ilikuwepo kwa wote wawili. Tofauti ni kwamba mweusi alikuwa nguvu kazi, kila kichwa kinachoongezeka ni faida. Mhindi Mwekundu alikuwa na ardhi na mikataba, kila kichwa kinachopungua ni eka zinazorudi kwa serikali.

Na si makabila yote yaliyokubali kipimo hicho. Taifa la Cherokee (Cherokee Nation) la Oklahoma haliangalii kiwango, linaangalia kama babu yako yumo kwenye daftari lililoandikwa zama za kugawa ardhi. Ndiyo maana kule utamkuta raia wa Cherokee mwenye macho ya bluu.

Mkaguzi Mstaafu

Hiyo ya tone na robo sikuwahi kuiweka pamoja. Umenikamata pabaya. Lakini hujanijibu la mzungu maskini.

Shubiri

Jamani tusichanganye mafaili. Kuna kosa mnalifanya kuhusu Afrika Kusini, na mleta uzi ndiye wa kwanza. Coloured si "chotara".

Nimeishi Cape Town muda wa kutosha kuona mgeni akimwambia jirani yangu, "kumbe wewe mama yako mzungu?" Alimkazia macho. Mama yake Coloured, baba Coloured, bibi na babu Coloured, na wa kabla yao. Lugha ya nyumbani Kiafrikaans. Ni jamii iliyosimama yenyewe. Wamo ndani yao Wakhoi na Wasan, wenyeji wa asili wa pale, watumwa walioletwa na Waholanzi kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na Wazungu wenyewe. Uislamu wa pale Bo-Kaap, mtaa wa Cape Town, ulifika na watumwa na wafungwa wa Kiasia, haukupitia kwetu. Sensa ya mwaka 2022 inawahesabu 8.2% ya nchi, na jimboni Western Cape wao ndio kundi kubwa kuliko yote.

Sasa mtoto wa mama Mxhosa na baba Mswisi kama Trevor Noah, akitembea Soweto watoto wanamwona mzungu, akienda kwa Coloured anaonekana kama wao mpaka afungue mdomo. Akienda Marekani ni mweusi bila maswali. Lakini Coloured kwa kukulia hakuwa.

Makaburu walipotunga sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi, waliona shida hii. Hawakuweza kutumia damu, kwa sababu wangeanza kuchimba damu wangekuta mawaziri wao wenyewe wana bibi wa Kikhoi na wa Kibengali. Wakaandika kwamba mzungu ni yule anayeonekana wazi kuwa mzungu au anayekubalika na jamii kuwa mzungu. Sura na kukubalika. Ndipo penseli ikaingia: wanakuchomeka kichwani, ikianguka umefaulu, ikinasa umefeli.

Kisa cha Sandra Laing mnakijua? Alizaliwa mwaka 1955, baba na mama makaburu wote, wana duka. Mtoto akatoka na ngozi ya kahawia na nywele za kipilipili. Akiwa na miaka kumi, mwaka 1966, polisi wakaja kumtoa shule ya bweni ya wazungu na kumrudisha nyumbani. Akaandikwa Coloured. Baba yake akapigana mahakamani, na mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa: mtoto wa wazazi wawili wazungu ni mzungu hata awe na sura gani. Akarudi kuwa mzungu kwenye karatasi. Ila wazungu hawakumtaka, na waliokuwa wanacheza naye walikuwa watoto wa wafanyakazi weusi. Alipokua akaishi na mwanamume mweusi, akazaa, na sheria ikasema mzungu hawezi kukaa na watoto hao. Akaenda mwenyewe kuomba aandikwe Coloured tena.

Jamaa aliyemkagua alikuwa na fomu, hakuwa na kipimo cha damu. Baba yake alikubali kupimwa damu kuthibitisha ni wake, na bado haikumsaidia kwa majirani.

Bisibisi

Dada Shubiri hiyo ya kuomba kushushwa rangi ili uishi na wanao imenikata maini.

Tumbili wa Saba

Naomba kuingia kama mhusika. Baba mweusi, mama mzungu, nimekaa Uingereza na Brazil kikazi.

Brazil watu hawakuniuliza wazazi wangu ni nani. Walinitazama wakaniita moreno, yaani wa kahawia, mazungumzo yakaendelea kwenye mpira. Mwanzoni niliona raha. Baadaye nikagundua kwamba nikivaa suti na kuzungumza vizuri napanda ngazi, nikivaa kaptura na ndala nashuka, siku hiyohiyo, mlinzi wa jengo yuleyule.

Uingereza ni fomu. Kila unapokwenda, fomu. Kujiandikisha kwa daktari, fomu, kuomba kazi, fomu. Sensa yao ilianza kuuliza asili mwaka 1991 bila kundi la mchanganyiko, likaongezwa 2001. Mwaka 2021, England na Wales, walijiandika mchanganyiko watu milioni 1.7, kama 2.9%. Mimi nina kisanduku changu kabisa: mweupe na Mwafrika mweusi. Kuna cha mweupe na Mkaribi mweusi, cha mweupe na Mwasia, halafu "mchanganyiko mwingine".

Hebu visomeni tena. Visanduku vyote vitatu vyenye majina vina mweupe ndani. Rafiki yangu mama Mpunjabi na baba Mjamaika anaangukia kwenye "mwingine", pamoja na kila mtu ambaye mchanganyiko wake haukumhusisha mzungu. Kwa fomu ile, kuchanganyika maana yake ni kuchanganyika na wao.

Kuhusu Obama: kwenye sensa ya Marekani ya mwaka 2010 alikuwa na ruhusa ya kuweka alama zaidi ya moja, ruhusa hiyo ilikuwepo tangu 2000. Aliweka moja, mweusi. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Mkuu Kinyonga unaongea kama vile sisi ni watu wa kuandikwa tu. Kuna jamii iliyonipokea utotoni na kuna iliyonikodolea macho. Nikijiita mweusi sijibu swali la mwenye shamba wa Virginia, nawajibu walionipokea.

Kinyonga Mkavu

Hapo kwa Obama umenigonga, ndugu. Sikuacha nafasi ya mtu kujiandika mwenyewe. Ila nakurushia swali: waliokupokea, je, wangekuwa jamii moja kama ile sheria isingewasukumia ndani ya kiti kimoja, wa hudhurungi na weusi tii pamoja? Haiti na Jamaika hawakusukumwa hivyo, na machotara wakawa tabaka lao.

Tumbili wa Saba

Labda wasingekuwa. Lakini walishakuwa.

Mchele wa Kunde

Mmeitaja Haiti, asanteni, maana hao jamaa ndio waliojibu swali hili kwa ubabe kuliko wote.

Chini ya Wafaransa, Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, ilikuwa na watu wenye akili zao wanaokaa kupiga hesabu za damu. Moreau de Saint-Méry alimgawa mtu sehemu 128, akatoa majina ya kila daraja la mchanganyiko, kama fundi wa rangi za nyumba. Machotara huru walikuwa na mashamba na watumwa wao.

Baada ya mapinduzi, katiba ya mwaka 1805 ya Dessalines, kiongozi wa mapinduzi hayo, ikafuta yote kwa mstari mmoja: kuanzia leo Wahaiti wote watajulikana kwa jina moja tu, weusi. Wote. Na kifungu kilichotangulia kiliwahusu Wajerumani na Wapolandi waliopewa uraia, wakiwemo askari wa Poland walioletwa na Napoleon wakamgeuka. Kwa hiyo kulikuwa na Wapolandi wenye nywele za dhahabu ambao kikatiba ni weusi.

Sasa msishangilie mapema. Machotara wenye mali waliendelea kuoana wenyewe kwa wenyewe na kugombea ikulu na weusi kwa karne nzima. Wahaiti wana methali yao kwamba mweusi tajiri ni chotara na chotara maskini ni mweusi. Wanaihusisha na Acaau, kiongozi wa wakulima walioasi miaka ya 1840.

Ukivuka mpaka kuingia Jamhuri ya Dominika, kisiwa kilekile, mtu mweusi tii kitambulisho chake kwa miongo mingi kiliandikwa indio, Mhindi Mwekundu. Sababu? Mweusi ni Mhaiti. Wahindi Wekundu wenyewe walimalizwa na Wahispania zamani.

Mkaguzi Mstaafu

Ndiyo maana mimi nasema Ufaransa wamepatia. Katiba yao ya mwaka 1958 inasema raia ni sawa bila kutazama asili, rangi wala dini, na sensa haiulizi rangi. Mwaka 2007 Baraza la Katiba likakazia kwamba takwimu haziwezi kujengwa juu ya asili au rangi. Usipouliza, huna cha kubagulia.

Shubiri

Mzee, na usipohesabu huna cha kuthibitishia kwamba umebaguliwa. Kijana anasimamishwa na polisi mara kwa mara kituo cha treni, anaenda kulalamika, anaambiwa serikali haina takwimu za rangi.

Mchele wa Kunde

Na hao Wafaransa "wasiouliza" waliuliza sana walipokuwa na makoloni. Mwaka 1928 walitoa amri kwa ajili ya Indochina: mtoto ambaye mzazi mmoja hajulikani, lakini anadhaniwa ni wa asili ya Kifaransa, anaweza kudai uraia. Ushahidi? Jina, malezi ya Kifaransa, elimu, nafasi yake kwenye jamii. Yaani jaji anakaa kukagua mtoto kama anakula na kuongea Kifaransa vya kutosha. Aliyefaulu akawa Mfaransa, aliyefeli akabaki mtawaliwa. Miaka ya thelathini mpango huo ukafika na kwenye makoloni yao ya Afrika.

Wabelgiji walikuwa wabaya zaidi. Congo, Rwanda na Burundi watoto wa baba mzungu na mama Mwafrika walinyang'anywa kwa mama zao wakapelekwa kwa masista, Save kule Rwanda, Katende kule Kasai. Waliona mtoto chotara akibaki kijijini ni hatari kwa heshima ya mzungu. Mwaka 2019 waziri mkuu Charles Michel akaomba radhi bungeni. Wanawake watano wakaona radhi haitoshi, wakaishitaki serikali. Wakashindwa mwaka 2021. Wakakata rufaa, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema kuwachukua vile ilikuwa uhalifu dhidi ya binadamu, kila mmoja alipwe euro 50,000. Bibi zetu wenye zaidi ya miaka 70 hao.

Kinyonga Mkavu

Mfano wa Wabelgiji nauweka pembeni ya Zanzibar ya masultani, muone tofauti. Kule mtoto wa suria akitambuliwa na baba yake alikuwa huru na mrithi kamili, na mama mwenyewe kwa kuzaa na bwana alikuwa hauzwi tena, bwana akifa anakuwa huru. Seyyid Barghash mama yake alikuwa suria Mhabeshi, na akakaa kwenye kiti cha usultani mwaka 1870. Tippu Tip wageni wa Ulaya walipomwona waliandika kuwa ni mtu mweusi, ila yeye na waliomzunguka hawakuwa na shaka kwamba ni Mwarabu, kwa sababu nasaba ilipita kwa baba. Elizabeth Key angeshinda kesi yake pale asubuhi tu.

Kabla sijapigwa mawe: utumwa ulikuwa utumwa. Suria hakuulizwa kama anataka.

Bisibisi

Mbona Asia hamjaigusa? Japan vipi?

Tumbili wa Saba

Japan sensa inauliza uraia tu, haiulizi rangi, lakini macho ya watu yanauliza. Mwaka 2015 Ariana Miyamoto, mzaliwa wa Sasebo, mama Mjapani na baba Mmarekani mweusi, alichaguliwa kuiwakilisha Japan kwenye Miss Universe, watu wakalalamika mitandaoni kwamba si Mjapani vya kutosha. Naomi Osaka, mcheza tenisi, baba Mhaiti, walimkumbatia aliposhinda. Alipopoteza sijui.

Nahodha wa Nchi Kavu

New Zealand nao wana yao. Zamani sheria ilimtaka Mmaori awe na nusu ya damu. Mwaka 1974 wakaifuta: mjukuu yeyote wa Mmaori ni Mmaori. Hakuna kipimo tena, ukiweza kuitaja nasaba yako umo. Kanada nao wana Wametis, taifa lililozaliwa na wanawake wenyeji na wafanyabiashara wa ngozi wa Kizungu, linatambuliwa kwenye katiba ya mwaka 1982. Ila huko kuwa na bibi mwenyeji hakutoshi kukuingiza, mahakama mwaka 2003 ilitaka ujitambue hivyo, uwe na uhusiano na jamii ya kihistoria, na jamii yenyewe ikukubali.

Mkaguzi Mstaafu

Hiyo ya Kanada inaelekea kwa makaburu: kukubalika na jamii.

Nahodha wa Nchi Kavu

Kasoro kwamba huku anayekubali ni jamii yenyewe, si karani wa serikali mwenye penseli. Kwangu hiyo si tofauti ndogo.

Bisibisi

Na Singapore? Nasikia rangi imo kwenye kitambulisho.

Shubiri

Kila raia anaandikishwa asili: Mchina, Mmalay, Mhindi au wengine. Zamani mtoto alipewa ya baba. Kuanzia Januari 2011 wazazi wa asili tofauti wanaweza kumwandikisha mtoto zote mbili, kwa mfano Mhindi-Mchina. Ila nyumba za serikali zina mgawo wa asili tangu mwaka 1989, kila jengo lisizidi idadi fulani ya kundi moja. Kwa mgawo huo wanasoma neno la kwanza tu. Mhindi-Mchina ananunua nyumba kama Mhindi, Mchina-Mhindi ananunua kama Mchina.

Kinyonga Mkavu

Mali tena!! Mzee Mkaguzi upo?

Mkaguzi Mstaafu

Nipo. Nasubiri jibu la mzungu maskini.

Bisibisi

Dada Shubiri, na huyo Mhindi-Mchina akioana na Mmalay-Mzungu, mtoto anaandikwaje?

Shubiri

Fomu inabeba mbili tu. Wazazi wanakaa mezani wanaamua asili zipi mbili zibaki.